Kijiji Kwanza, Tevye Baadaye

Kikundi chochote cha waigizaji wa kujitolea kikitangaza kwamba kitaigiza tamthilia ya muziki Fiddler on the Roof, swali la kwanza huwa ni lile lile: nani atakuwa Tevye? Waigizaji wenyewe huliuliza, jamaa zao huliuliza, na huliuliza hata watu walioiona filamu ya mwaka 1971 wakabaki kichwani na sura ya Topol, aliyemwigiza humo. Ni swali la haki. Tevye karibu hatoki jukwaani. Anaimba, anacheza, anavuta mkokoteni, anabishana na Mungu, anapambana na binti watano na mke mwenye ulimi mkali. Asipopatikana mtu wa kuubeba mzigo huo, hakuna onyesho.

Hata hivyo mimi, ambaye kazi yangu katika kikundi chetu ni kufundisha kwaya, nimeshawishika kabisa kwamba swali hilo linaulizwa mapema mno. Mhusika mkuu wa tamthilia hii ni Anatevka, kijiji kizima, pamoja na wale wote ambao majina yao hayakumbukwi na mtazamaji anapotoka ukumbini. Na kijiji ndicho kitu ambacho watu wasiolipwa wanaweza kukifanya vizuri kuliko wengi wanaolipwa. Tumemaliza maonyesho yetu, mavazi yamefuliwa, na nataka kuyaandika haya kabla hayajapoa.

Kwa asiyeijua hadithi: ni mwaka 1905, katika kijiji cha Wayahudi maskini kwenye Urusi ya Tsar. Tevye ni muuza maziwa. Binti yake mkubwa, Tzeitel, amechumbiwa na Lazar Wolf, mchinjaji mwenye mali, lakini moyo wake uko kwa Motel, fundi cherehani asiye na hata cherehani. Wa pili, Hodel, anampenda Perchik, mwanafunzi mwenye fikra za mapinduzi, na baadaye anamfuata kifungoni Siberia. Wa tatu, Chava, anaolewa na Fyedka, ambaye si Myahudi, na hapo baba aliyekuwa amekubali mara mbili anashindwa kukubali mara ya tatu. Mwishoni inaletwa amri: watu wote wauze walivyo navyo na kuondoka ndani ya siku tatu.

Sholem Aleichem alianza kuandika visa vya Tevye kwa Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, mwaka 1894. Miaka sabini baadaye Joseph Stein aliviandikia mchezo, Jerry Bock akatunga muziki na Sheldon Harnick akaandika maneno ya nyimbo. Tamthilia ilifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, tarehe 22 Septemba 1964 katika ukumbi wa Imperial, Zero Mostel akiwa Tevye, na ilipofungwa mwaka 1972 ilikuwa imeonyeshwa mara 3,242. Hakuna tamthilia ya muziki iliyokuwa imewahi kuvuka maonyesho elfu tatu pale Broadway.

Mtu ninayemfikiria zaidi kati ya walioutengeneza mchezo huu ni Jerome Robbins, aliyeongoza mchezo na kubuni dansi zake. Kila walipokutana, aliwauliza watunzi swali moja bila kuchoka: mchezo huu unahusu nini hasa? Wakamjibu kwamba unahusu muuza maziwa na binti zake, na jibu hilo hakulitaka. Aliendelea kuuliza hadi mmoja wao akasema kwamba unahusu mila zinazovunjika. Basi, akawaambia, andikeni wimbo wa kufungulia kuhusu hilo. Kabla ya hapo walikuwa na wimbo wa familia moja inayohangaika na maandalizi ya Sabato. Ukaondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na “Tradition”, yaani mila, ambamo kijiji chote kinaingia kwa mnyororo wa watu walioshikana mikono na kufanya duara.

Ukitafakari mabadiliko hayo utaelewa kwa nini ninasisitiza. Mchezo ulikuwa ufunguke ndani ya nyumba ya Tevye, na sasa unafunguka kijijini. Kabla hatujamjua mke wake wala binti zake, tumekwisha kuwaona baba wote, mama wote, wana wote na binti wote, kila kundi likieleza nafasi yake duniani. Robbins aliendelea na wazo hilo hadi kwenye kijitabu cha onyesho. Ukiiangalia orodha ya waigizaji wa mwaka 1964 utawakuta wanakijiji wana majina na kazi: Chaim muuza samaki, Yitzuk mfagia barabara, Hershel mfinyanzi, Label mkata kuni, Yussel mtengeneza kofia. Wengi wao hawana hata sentensi moja ya kusema peke yao.

Ndiyo maana tulianza usaili wetu na kijiji. Mwongozaji wetu alikubali, ingawa kwa shingo upande mwanzoni, kwamba siku ya kwanza asiimbe mtu peke yake. Walioitika wito waliingia ukumbini wote kwa pamoja, nikawafundisha mistari michache ya “Sunrise, Sunset”, tukaimba huku tukitembea. Nilichokuwa nakitafuta si sauti nzuri. Nilimtafuta mtu anayepunguza sauti yake ili amsikie aliye kando yake, na anayebadili mwendo mwenzake anapokawia. Sauti naweza kuifundisha ndani ya miezi ya mazoezi. Sikio la namna hiyo mtu huja nalo, au hulipata polepole sana. Tevye wetu, dereva wa lori mwenye besi nene, alipatikana humo humo ndani ya kundi, na alipokuja kupewa nafasi hiyo alikuwa amekwisha kuwa mtu wa Anatevka.

Hapa niseme jambo ambalo kila anayefundisha kwaya ya watu wazima analijua: waimbaji wa tena, ile sauti ya juu ya wanaume, ni adimu. Utapata soprano wa kugawa, alto wa kutosha, besi watatu wanaodhani ni besi, na tena mmoja ambaye pia ndiye anayefunga taa. “Tradition” haina huruma na upungufu huo, kwa sababu kila kundi lina mstari wake. Baba wanaimba wao, wanafuata mama, kisha wana, kisha binti, na mwisho makundi yote manne yanaimba kwa wakati mmoja, kila moja na maneno yake na wimbo wake. Ndipo msikilizaji anaposikia kijiji kikisukwa kama kamba. Kundi moja likilegea, kamba nzima inafumuka.

Tulivyolifanya ni hivi. Kila kundi lilikwenda kwenye pembe yake ya ukumbi, likaelekea ukutani, likajifunza mstari wake hadi likachoka. Kisha wote waligeuka. Kisha walianza kutembea kuelekea katikati wakiimba, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kuimba mstari wako mbali na watu wengine si sawa na kuuimba huku mtu mwingine akikuimbia wake usoni. Katika kundi la mama alikuwamo mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye sauti safi na kumbukumbu kali. Kila binti walipoingia, yeye alinyamaza. Alisema wanamvuta, naye akijaribu kuishikilia noti yake inamponyoka. Tulijaribu kumwekea kidole sikioni, tukamsogeza karibu na piano, wapi. Mwisho nikamsimamisha ana kwa ana na msichana mmoja wa kundi la binti, nikamwambia, “Mama, achana na noti. Huyu ni binti yako, na hajamaliza kazi za nyumbani. Mwambie.” Akamwambia. Msichana naye akajibu kwa mstari wake, akiwa amekunja uso kwa hasira ya kweli ya kijana aliyeonewa. Noti zilikaa mahali pake, na tangu siku ile hazikutoka tena.

Kuna somo la muziki hapo kuhusu sauti zinazopishana, lakini kwangu mimi lililo kubwa zaidi ni kwamba wimbo ule umeandikwa kama ugomvi wa familia. Kwaya iliyosimama kwa mistari minne ikitazama hadhira inaweza kuuimba bila kosa na bado usisikie kijiji.

Kila mwanakijiji wetu alipewa karatasi tupu na kuambiwa aandike: jina lako nani, kazi yako nini, unadaiwa na nani, nani humsalimii na kwa nini. Hati yenyewe inawapa pa kuanzia, kwa sababu ndani ya wimbo wa kwanza kuna watu wawili wanaogombana kuhusu mnyama aliyeuzwa: mmoja anasema kilichouzwa ni farasi na kilicholetwa ni nyumbu, na kijiji kinagawanyika pande mbili kwa kelele. Ni mzaha wa sekunde chache. Kwetu uligeuka kuwa historia. Mtengeneza kofia alikuwa upande wa farasi na mfinyanzi upande wa nyumbu, na kwa sababu hiyo kwenye harusi ya Tzeitel hawakukaa meza moja. Hakuna mtazamaji aliyeambiwa. Ila mtazamaji aliyekuwa akiangalia upande wa kushoto wa jukwaa alimwona mtu akihamisha kigoda chake, na alijua pale kuna jambo.

Kigoda kile kina thamani kubwa kwangu, kwa sababu ubaya wa waigizaji wa kujitolea, tuseme ukweli, huonekana zaidi kwenye umati. Umati usio na kazi huigiza umati. Habari ya huzuni ikija, wote hushika mashavu. Ikija ya furaha, hugeukiana wawili wawili na kutikisa vichwa kama watu wanaozungumza. Mtu mwenye deni, jirani asiyempenda na kikapu cha samaki wanaooza hana nafasi ya kufanya hivyo. Anaposikia habari, kwanza anamtafuta kwa macho mtu fulani.

Harusi yenyewe ndiyo kilele cha nusu ya kwanza, na ni mtihani wa kijiji kuliko wa nyota yeyote. Wanaume wako upande mmoja, wanawake upande mwingine, katikati kuna kamba. Perchik anavuka, anamwomba Hodel wacheze pamoja. Kamba ni uzi tu. Mtazamaji wa leo, aliyecheza muziki na nani na nani tangu utotoni, haoni ubaya wowote wa kuuvuka, kwa hiyo hofu yote lazima itoke kwenye nyuso za walioketi. Tulitumia jioni nzima kwa kitendo hicho kimoja cha kuvuka, mwongozaji akiwauliza wanakijiji mmoja mmoja: wewe unafanya nini mguu wake unapopita? Bibi mmoja alisema, “Mimi nafumba macho ya mjukuu wangu.” Mwingine alisema yeye angetamani kuvuka pia, kwa hiyo anaangalia chini ili asionekane anatamani. Tuliyaacha yote mawili. Kisha Tevye anapomchukua mkewe, Golde, kucheza, na kijiji kinafuata mmoja baada ya mwingine, mtazamaji anaona watu wakivuka mpaka, na kila mmoja anauvuka kwa sababu yake.

Halafu zinakuja chupa. Robbins alikwenda kwenye harusi za Wayahudi wa Hasidi, kundi linaloshika sana dini, kujifunza wanavyocheza, na huko alimwona mtu akicheza na chupa kichwani. Alichotengeneza kutokana na hilo ni dansi ambayo watu huikumbuka hata wakisahau hadithi: wanaume waliovaa makoti meusi wanaoteleza kwa magoti, chupa zimesimama juu ya kofia. Desturi ya dansi hii, na ninaiheshimu, ni kwamba chupa haigandishwi. Hakuna gundi, hakuna sumaku. Ikianguka, mchezaji anatoka kwenye mstari na kupiga makofi pamoja na wengine. Vijana wetu walifanya mazoezi wakiwa na chupa za plastiki zilizotiwa mchanga, kwanza wakisimama tu, baadaye wakitembea, kisha wakipiga goti, na kanuni yao ilikuwa moja: shingo haifanyi kazi, kazi yote ni ya mapaja. Usiku mmoja chupa ya mchezaji wa pembeni ilidondoka. Kijiji kizima kilishusha pumzi kwa mguno ambao hakuna aliyeufundisha, yule kijana akarudi nyuma, na mfinyanzi, yule yule wa upande wa nyumbu, akamfungulia nafasi kando yake. Hadhira ilishangilia zilizobaki kwa nguvu maradufu. Ukigandisha chupa unajinyima usiku kama huo.

Lipo jambo ambalo kikundi cha watu wasio Wayahudi hakiwezi kulikwepa kikishika mchezo huu: je, tunawaheshimu watu tunaowaigiza? Robbins mwenyewe, aliyezaliwa Jerome Rabinowitz, alipelekwa akiwa mtoto mdogo mwaka 1924 kutembelea kijiji cha babu yake, Rozhanka, kilichokuwa Poland. Vijiji vya namna hiyo vilikuja kufutwa pamoja na watu wake katika mauaji ya Wayahudi wakati wa vita vya pili vya dunia. Alipokuwa akiwaongoza waigizaji wake miaka ya sitini alikuwa akiwajengea watu waliokufa mahali pa kusimama, na hakutaka vikaragosi: mabega yanayopandishwa, lafudhi ya kuchekesha, ndevu za maonyesho.

Sisi tulimwalika mama mmoja Myahudi anayewasha mishumaa nyumbani kwake kila Ijumaa jioni kabla jua halijazama. Alikuja kwa ajili ya “Sabbath Prayer”, wimbo ambao Tevye na Golde wanaanza mezani kwao, kisha jukwaa linajaa familia nyingine kila mmoja na meza yake na mishumaa yake. Akawaonyesha wanawake wetu: mikono inazungushwa juu ya miali kuielekeza kwako, mara tatu, kisha unafunika macho, ndipo unasema baraka. Mmoja wetu akauliza kwa nini macho yafunikwe. Akaeleza kwamba baraka inatangulia starehe ya mwanga, na kwa kuwa mishumaa imekwisha kuwashwa, unafumba macho hadi umalize kubariki. Mishumaa yetu ilikuwa ya betri, kwa sababu ya moto na mapazia, lakini baada ya siku ile hakuna mwanamke aliyeinyanyua kwa mkono mmoja kama tochi. Ningependa kila kikundi kimtafute mtu wa namna hiyo mapema, kabla ya kuanza kupanga nani anasimama wapi, kwa sababu alichotufundisha kilibadilisha mahali pa kusimama.

Wapo wanaosema hadithi ya watu fulani iachiwe watu hao. Naelewa hofu iliyoko nyuma ya maneno hayo, na sikubaliani nayo. Mwaka 1967 tamthilia hii ilipelekwa Tokyo, na Joseph Stein alikuwa akisimulia kwamba mtayarishaji wa huko alimuuliza iwapo kweli Wamarekani wanaielewa, maana ni ya Kijapani mno. Mwaka 1969 shule moja ya Brownsville, Brooklyn, iliipandisha jukwaani na watoto Weusi na wa asili ya Puerto Rico. Mwaka mmoja nyuma, mtaa huo ulikuwa kitovu cha migomo ya walimu ya New York iliyowagombanisha wakazi Weusi na walimu ambao wengi wao walikuwa Wayahudi. Baadhi ya walimu wa shule hiyo hawakutaka onyesho lifanyike. Walihofia litageuzwa dhihaka. Watoto waliigiza, na hakukuwa na dhihaka. Walijua maana ya kuhamishwa. Hao ndio waigizaji wa kujitolea ninaowakumbuka kila mtu anaponiambia kwamba kazi kubwa kama hii ni ya wataalamu.

Juu ya Fruma-Sarah nitapita haraka, ingawa ndiye aliyetuletea furaha nyingi kuliko wote. Ni mzimu wa mke wa kwanza wa mchinjaji, anayemtokea Tevye katika ndoto aliyoitunga mwenyewe ili mkewe akubali kuvunja uchumba. Kwa kawaida hukalishwa juu ya mabega ya mtu aliyefichwa chini ya gauni refu. Ushauri wangu kwenu ni mmoja: wachagueni wawili wanaoaminiana, na yule wa juu awe mwepesi wa mwili na mzito wa sauti.

Kinachonirudisha kijijini ni sura za mwisho. Askari mkuu wa eneo anakuja na amri. Katika kila zoezi tulilofanya, jaribu la kwanza la watu wote lilikuwa kulia. Ni jambo la kawaida. Watu wetu wanapenda kulia, na wimbo unaofuata, “Anatevka”, unakuomba ulie. Lakini maneno ya wimbo huo ni orodha ya vitu: sufuria, kikaango, ufagio, kofia. Harnick anawafanya watu wahesabu vitu vya bei ndogo na kujiambia kwamba mahali penyewe palikuwa pa hovyo tu. Huzuni iko kwenye kuhesabu. Mwongozaji akaondoa machozi yote. Akamwambia kila mtu achague kitu kimoja atakachobeba na kimoja atakachokiacha, na afanye kazi ya kufunga mzigo hadi muziki umalizike. Mfinyanzi aliacha vyungu vyote, akachukua jiwe la kusugulia. Mwalimu wa hesabu alichukua sahani, akazirudisha, akachukua tena mbili.

Golde anafagia. Hati ndiyo inayosema hivyo: wamefukuzwa, nyumba haitakuwa yao tena kesho, na yeye anafagia kwa sababu hataki kuacha nyumba chafu. Golde wetu ni muuguzi aliyekuwa akifika mazoezini akitoka zamu, mara nyingine bado na viatu vyake vya kazini. Waongozaji wengi humfanya Golde afagie kwa simanzi, taratibu, ufagio ukiburuzwa. Yeye alikataa. Alifagia vile mtu anavyofagia chumba ambacho mgonjwa mwingine ataingia dakika kumi zijazo: haraka, pembeni kwanza, chini ya meza, taka zikakusanywa kwa kitambaa na kutupwa nje. Akamaliza, akausimamisha ufagio mahali pake, akachukua mzigo. Sikumwelekeza hata kidogo, wala mwongozaji hakumwelekeza. Sijui shule ya uigizaji ambayo ingempa kitu kile.

Nadhani hapo ndipo hoja yangu inaposimama au kuanguka. Mwigizaji anayelipwa ana mbinu, pumzi, mwili uliofunzwa, na ninawaheshimu sana. Onyesho letu lilikuwa na noti zilizoshuka na dansi ambazo Robbins angezifuta. Lakini watu wetu wamekuwa wakionana kwa miaka. Wamezikana, wameoana, wamekopeshana, wawili wao hawajasalimiana tangu onyesho la miaka kadhaa nyuma kwa sababu ninazozijua na nisizoziandika. Robbins alipowataka waigizaji wake wawe kijiji, ilimbidi akijenge kwa wiki chache za mazoezi. Kikundi cha kujitolea huja nacho mlangoni. Kazi yetu sisi tunaofundisha ni kutokukiua kwa kuwapanga watu kwa urefu.

Duara la mwanzo linarudi mwishoni: wanakijiji wanakusanyika kwa mara ya mwisho, halafu linakatika, watu wanaondoka kila upande. Waliojipanga pamoja kwenye wimbo wa kwanza ndio wanaopotezana hapa. Kama mwanzoni hukumpa mtazamaji mtu wa kumfuata zaidi ya Tevye, mwisho huu ni watu wanaotoka jukwaani tu.

Neno kuhusu vitabu, kwa vikundi vinavyofikiria kuanza. Haki za kuigiza mchezo huu hutolewa na Music Theatre International, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1952 na Frank Loesser pamoja na Don Walker, na huyo Walker ndiye aliyeupangia muziki wa Fiddler vyombo vya okestra. Ombeni leseni kabla ya kutangaza chochote. Hamruhusiwi kukata sehemu za mchezo wala kubadili maneno bila idhini, na hamruhusiwi kurekodi kwa sababu tu mjomba wa mtu ana kamera nzuri. Tuliona baadhi ya watu wetu wakinung'unika. Mimi sioni tatizo: watunzi waliteseka miaka kupata maneno hayo, na kuyafuata kama yalivyo kulitulazimisha kuelewa vitu ambavyo tungeviruka.

Vitabu vya nyimbo tulikodishiwa. Tuliandika kwa penseli tu, na kabla ya kuvirudisha ilitubidi tufute kila alama. Tuliifanya kazi hiyo kijiji kizima, siku ya Jumapili, vifutio mkononi, na ikachukua muda mrefu kuliko ilivyopaswa kwa sababu kila mtu alikuwa akimsomea mwenzake kabla ya kufuta. “Pumua hapa.” “Usimtazame kondakta, mtazame mkwe.” “Nyumbu!!” Mwalimu wa hesabu alikuwa ameandika kwenye ukurasa wake wa “Tradition”, mahali binti wanapoingia, neno moja: “Mwambie.” Alikifuta kitabu chake kwa uangalifu, akanikabidhi, kisha akauliza msimu ujao tunafanya kitu gani, na kama kitakuwa na mama wengi.